Chupa ya Mtu Mmoja

Mtu akirudi kutoka Ulaya, watu hutazama sanduku lake. Menza aliposhuka kwenye teksi pale Kikambala, mwaka wa themanini na tano, majirani walitazama sanduku, wakatazama viatu, wakatazama kama nyuma yake atashuka mzungu. Kaka yake Kambi alitazama mikono. Kambi alikuwa mgema, na mgema riziki yake iko viganjani. Akishikana mkono na mtu, hata kabla ya kusikia jina ameshajua kama mtu huyo angeweza kupanda mnazi. Mikono ya mdogo wake ilikuwa ikitetemeka.

"Ni baridi ya kule, kaka," Menza alisema alipoona anatazamwa, akaitia mikono mifukoni. "Haijanitoka bado."

"Hata kwa jua hili?"

"Ile huingia mifupani."

Kambi akacheka, maana siku ile ilikuwa ya kucheka. Mama yao, ambaye pale nyumbani wakubwa kwa wadogo walimwita mayo, alishaanza kupiga vigelegele kutoka uani.

Boma lao lilikuwa juu ya kilima, upande wa bara wa barabara kuu. Halikuwa hapo siku zote. Zamani waliishi chini, ufuoni, kati ya minazi aliyoipanda baba yao, mzee Kenga, kwa mikono yake mwenyewe. Kisha wakaja watu na kamba za kupimia, wakasema ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali. Mzee Kenga aliuliza, "Na minazi je? Minazi nayo imejipanda?" Akajibiwa kwamba minazi atalipwa. Alikufa akingoja. Hoteli ikajengwa katikati ya minazi yake, bwawa la kuogelea likachimbwa pale palipokuwa na jiko la mayo, na minazi mirefu ikaachwa isimame kwa kuwa wageni hupenda kupigwa picha chini yake. Ukisimama uani kwa Kambi unaviona vichwa vyake, ng'ambo ya barabara, vikipepea kama vinaita. Wapo pale kijijini waliokwisha kusahau, na wapo waliolipwa bia mbili wasahau. Kambi hakusahau. Aliitazama kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Na ni katika hoteli hiyo hiyo Menza alipopata kazi ya kubeba trei, na ndipo mwanamke wa Kijerumani alipomwona, akampenda, akamchukua. Kijiji kizima kilisema kijana ameukata. Kambi alisema, "Walianza na minazi, sasa wamechukua na mtoto wa mwenye minazi." Watu wakamwambia ana wivu.

Jioni ya kurudi kwake, Kambi alishusha mnazi wa kumpokea, ile pombe anayoigema mwenyewe. Ulinywewa kwa siri. Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba pombe ya kienyeji ni marufuku, inawaharibu wananchi. Na huku akitangaza, hoteli pale chini ilikuwa imewasha taa za rangi inauza bia na wiski, na bosi wake chifu ameketi kwenye kiti cha mbele. Basi wagema wakawa wanagema kama wezi, juu ya miti yao wenyewe.

Lakini hata kwa siri, mnazi una adabu zake. Aliyeuleta huonja kwanza, watu wote waone kwamba hamna sumu. Kisha humwaga kidogo chini, kwa wazee waliolala. Kisha kibuyu huzunguka, kila mtu na mrija wake, kila mtu na zamu yake. Mwenye pesa hunywa, asiye nazo hunywa. Aliyezidisha huambiwa, "Wewe, zamu yako imepita," watu hucheka, naye huenda zake kulala.

Kambi akaonja, akamwaga, akampa mdogo wake zamu ya kwanza kwa heshima ya safari. Menza hakuugusa mrija. Alikiinua kibuyu kwa mikono miwili, akagugumia mpaka kikalia kitupu, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Haya ni maji," alisema. "Haya ni ya watoto."

Hakuna aliyecheka. Baba yao mdogo, Nzai, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshika mrija wake mkavu. Akasema polepole, "Mwanangu, sisi wengine tulikuwa bado hatujafikiwa."

"Niwie radhi, baba mdogo. Nimezoea vibaya."

Baadaye Kambi alimkuta nyuma ya ghala la mahindi. Amechutama gizani, mgongo ukutani, chupa ya kioo iko mdomoni. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maji, lakini harufu yake ilifika mbali. Chupa yenyewe haikumshangaza Kambi, chupa alizijua. Kilichomshangaza ni kwamba hakukuwa na mtu mwingine.

"Unakunywa na nani?"

"Nakunywa tu."

"Nimekuuliza, na nani?"

Menza akacheka kicheko kisicho na sauti. "Kaka, kaa chini nikueleze. Nilipofika kule niliwatafuta watu wa kunywa nao. Nikaenda baa. Kila mmoja na gilasi yake, anaitazama gilasi yake, akimaliza analipa ya kwake, anakwenda. Nilimpa mmoja yangu aonje, akanitazama kama nimemtemea mate. Yule mwanamke akaniambia, bora unywe nyumbani. Basi nikanywa nyumbani. Na bia ni nzito kubeba, ngazi zilikuwa ndefu, nikaona hii ndogo nyeupe inatosha."

"Hukujizuia?"

"Nilijizuia kama tulivyofunzwa. Baba si alikuwa akisema mtu hanywi mpaka jua lizame? Nami nilingoja jua lizame. Lakini kule, kaka, ikifika baridi jua huzama saa kumi. Halafu zikaja siku nyingine, nikawa sioni kama limechomoza." Akapiga funda. "Na hakuna mtu kule wa kukwambia zamu yako imepita. Nilikuwa nasikiliza. Wallahi, kaka, kuna siku nilikuwa nakaa kimya nasikiliza kama kuna mtu atasema."

Yule mwanamke alimfukuza, na kazi yake ya ghalani kule kule ikamfukuza. Alichobaki nacho ni nauli ya kurudi. Kambi alisikiliza yote. Kisha akasema, "Twende ndani, mbu wanakula watu." Menza akasema atakuja. Hakuja mpaka alfajiri.

Mayo alichukua muda kuelewa, kwa kuwa alikuwa hataki. Lakini mwana alikuwa akitapika kila asubuhi, kikombe cha chai kikimgonga meno, mpaka akipate kile chake cha nyuma ya ghala. Chupa za sandukuni zilipokwisha, Menza akauza saa yake, akaleta nyingine. Siku mayo alipomkuta amelala shimoni kando ya njia, watoto wa watu wakimrushia kokwa za maembe, alikwenda mwenyewe kumwita Nzai.

"Mfunge kwa kiapo," alimwambia. "Mfunge kabla sijamfukia."

Nzai alikuja na wazee wawili. Wakamketisha Menza mbele ya nguzo ya koma ya baba yake, ule mti mdogo uliochongwa kwa ajili ya marehemu. Nzai akakitwaa kile kibuyu alichonywea Menza jioni ya kurudi, akakifunga mdomo kwa ukindu, akakining'iniza juu ya nguzo, chini juu.

"Kenga," akasema, akiiambia nguzo, "huyu mwanao ameacha. Kuanzia leo hataonja tone, wala la mnazi, wala la chupa. Na yeyote wa nyumba hii atakayemfungulia, aliyezaa atazika, asiyezaa asizae." Akamgeukia Menza. "Apa."

Menza alimtazama mama yake. Mayo alikuwa analia bila kujifuta. Midomo ya Menza ikacheza kama mtu mwenye jambo la kusema kwanza, Kambi aliiona. Kisha Menza akasema, "Naapa."

Zile chupa zilizobaki mayo alizivunja kwenye mawe.

Kesho yake mchana, Kambi alikuwa chini ya mnazi akinoa kotama, kile kisu chake cha kugemea, aliposikia anaitwa kwa jina la utotoni. Menza alikuwa ameegemea shina. Jasho lilimtiririka kama aliyetoka kuogelea.

"Kaka, nipe mnazi, mboko moja tu. Moja asubuhi, moja jioni. Wiki ijayo utanipa nusu."

"Umeapa jana."

"Nisikilize. Kule nilishaacha hivi mara moja. Nikaanguka kazini, nikajing'ata ulimi, povu likanitoka. Hospitali wakaniambia mwili wangu umeshazoea, usinyang'anywe kwa ghafla. Upunguziwe kidogo kidogo. Ghafla huua."

"Na kwa nini hukusema mbele ya wazee?"

"Niseme nini? Mayo analia, baba mdogo ameshika kibuyu, mimi niseme ngojeni kwanza, pombe ndiyo dawa yangu? Wewe ungeamini?"

Kambi hakuamini. Alikuwa ameuzia watu mnazi tangu ndevu hazijaota, na hakuna aina ya ombi la mlevi ambalo hakulisikia: la tumbo, la homa, la mke aliyejifungua.

"Walevi wote mna daktari wa kuwaruhusu," alisema. "Nina watoto wanne, Menza. Ulisikia alivyosema baba mdogo."

"Nilisikia."

"Basi vumilia. Wanaume huvumilia."

Menza aliinua uso akatazama juu, kwenye vibuyu vya kugemea vilivyofungwa kileleni. "Vinatona, kaka," alisema. "Navisikia vinatona."

Usiku ule hakulala, na kulipokucha hakuwa yeye. Alikuwa akipangusa siafu mikononi na hapakuwa na siafu. Alizungumza Kijerumani na mlango. Kambi alitaka apelekwe hospitali ya Kilifi. Nzai akasema kiapo hakitibiwi kwa sindano, ni marehemu wanamtoa uchafu, mwacheni utoke. Wakamwacha. Uchafu haukutoka. Asubuhi ya pili yake Menza alichomoka nyumbani, akakimbia mpaka barabara kuu bila shati, akasimama katikati ya lami akiyapigia magari saluti na kupiga kelele kwamba jua limezama, jua limezama. Dereva wa lori la chumvi kutoka Gongoni alimkwepa, akaingia mtaroni.

Kambi na majirani walimbeba kumrudisha. Wakiwa uani, Menza akakakamaa kama ubao. Macho yakageuka, meno yakauma ulimi, damu na povu vikatoka pamoja. Ilikuwa vile vile alivyokuwa amesema. Kambi alisimama juu yake, na lile neno lake mwenyewe, *wanaume huvumilia*, likamrudia.

Mtikisiko ulipotulia, akamwambia mkewe, "Kadzo, kimbia Mtwapa, kwa yule mwenye duka mwenye pikapu. Mwambie tutalipa kwa nazi, kwa mbuzi, kwa chochote. Aje atupeleke Kilifi."

"Na wewe?"

"Mimi nampa mnazi."

Nzai akainuka. "Kambi! Una watoto!"

"Ninao, baba mdogo. Na huyu alikuwa wa baba yangu."

Alikuwa ameshaingia kibandani, ameshika mtungi wa mnazi wa jana, wakati askari wa chifu walipoingia uani. Walikuwa wamesikia habari za mwendawazimu wa barabarani na lori lililoanguka. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alimtazama Menza pale chini, akamtazama Kambi na mtungi wake, akatikisa kichwa kama mwalimu.

"Mnaona? Ndiyo pombe zenu hizi. Mmemfanya mtu kichaa."

"Afande, shikamoo. Huyu amepatwa kwa kukosa. Acha nimpe hii kidogo tu, halafu nifunge mimi."

"Amepatwa kwa kukosa!" Askari aliwageukia wenzake, wakacheka mpaka kofia zikahama. "Mgema ana akili! Mtu analewa kwa kukosa pombe!"

"Nakuomba kwa jina la mama yako."

"Mama yangu hanywi uchafu huu."

Wakaukamata mtungi waumwage. Kambi akaushikilia, akapigwa rungu la bega, akauachia. Wakaingia kibandani wakamwaga wote, mkali na mtamu, mchanga ukanywa mpaka ukafura. Wakamlazimisha mvulana wa jirani apande akate makarara yote aliyokuwa akiyagema Kambi, na vibuyu vikaanguka kimoja kimoja vikipasuka. Mgema anajua maana yake: karara jipya huhitaji siku nyingi za kukatwa na kubembelezwa ndipo litone. Katika boma lile, lenye minazi mingi kuliko watu, hapakuwa tena na tone. Majirani nao, walipowaona askari, walikimbia kumwaga ya kwao.

Hawakumkamata. Mkubwa wao alisema hana pa kumweka mtu mwenye mgonjwa. Alijiona ametenda wema.

Kambi alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye vichwa vya minazi ya baba yake. Akaanza kukimbia.

Langoni mwa hoteli alikuwa Ochola, mlinzi, mtu wa Nyanza aliyezoea pwani mpaka akawa anapika wali wa nazi. Yeye na Menza walianza kazi siku moja.

"Mzee Kambi! Leo umekuja kuona shamba lako?" Ulikuwa utani wao wa siku zote. Kisha akamwona sura. "Kuna nini?"

"Menza anakufa. Nataka pombe, Ochola. Yoyote. Ni dawa."

Ochola hakucheka. Alikuwa mtu pekee siku ile ambaye hakucheka. Akamwingiza kwa mlango wa jikoni, wakakutana na meneja akitoka, kijana wa Kikenya mwenye tai fupi na funguo nyingi.

"Huyu ni nani?"

"Bwana meneja, ni ndugu yake Menza, yule tuliyefanya naye kazi. Menza ni mgonjwa sana. Anaomba chupa, hata iliyoachwa na wageni, anywe—"

"Wote wanaokuja hapa wana mgonjwa." Meneja akaitazama kotama kiunoni mwa Kambi. "Wewe ni mpandaji?"

"Ndiyo, bwana."

"Jana nazi ilianguka karibu na kiti cha mgeni. Mtu wetu hajaja. Safisha ule mmoja kando ya bwawa, ushuke na chupa yako."

"Bwana, nipe kwanza nimpelekee, nitarudi niisafishe yote. Naapa."

"Nikupe uende zako? Panda."

Basi Kambi akapanda. Akapanda mnazi alioonyeshwa akiwa mtoto, akiambiwa, huu ulipandwa mwaka uliozaliwa. Ngazi alizozikata baba yake shinani zilikuwa bado zipo, na miguu yake ikazijua. Kando ya bwawa walikuwa wamejilaza wazungu. Chai ya asubuhi bado iko mezani, na tayari mmoja wao, mwekundu kama kaa wa kuchemshwa, alikuwa na gilasi yenye ndimu. Menza aliwahi kusema: kwao hawa hawagusi mpaka jioni, ni wafanyakazi, wakifika hapa wanaanza kunywa na mayai ya asubuhi. Yule mwekundu alimwinulia Kambi gilasi. Mkewe akatafuta kamera.

Akafika kileleni, akakata. Nazi zikaanguka majanini. Alikata kama mtu anayepigana, na katikati ya kukata akageuza uso kuelekea bara, kwa kuwa kutoka pale, ng'ambo ya barabara, uani kwake kunaonekana wazi kama kiganja.

Watu walikuwa wameongezeka. Wanawake walikuwa na mikono kichwani. Katikati yao, hando nyeupe ya mayo, ile sketi ya marinda anayoivaa tangu ujana, ilikuwa chini vumbini, ikigaagaa. Sauti haikufika. Upepo ulitoka baharini ukairudisha.

Kambi akabaki ameukumbatia mnazi.

"Bado shada moja!" meneja aliita kutoka chini. "Hilo la kushoto!"

Akakata la kushoto.

Aliposhuka, Ochola alimpa chupa ya wiski iliyofika nusu. Alimpa kwa mikono miwili, bila kumtazama machoni. Pengine naye alikuwa ameshasikia, maana habari ya msiba haisubiri lango. Kambi akavuka barabara. Hakukimbia.

Walimpisha njia. Menza alikuwa juu ya mkeka, wamemfunika kanga mpaka kifuani, na mikono yake, iliyowekwa ubavuni, ilikuwa imetulia kabisa.

"Nini hicho?" mayo aliuliza.

"Ni cha Menza."

Akapiga magoti. Akafungua kifuniko, akaonja yeye kwanza, na kile kitu kikamchoma mpaka machozi yakamtoka, au yalikuwa yanatoka tangu awali. Akamwaga kidogo chini, pale mchanga ulipokuwa bado unanuka mnazi wa askari. Kisha akailowesha midomo ya mdogo wake kwa kidole.

"Zamu yako," akamwambia.

Alingoja Nzai apige ukelele wa kiapo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya kile kibuyu kilichopinduliwa, uso ameuficha viganjani. Mayo ndiye aliyenyoosha mkono. Maisha yake yote alikuwa hajaonja pombe ya dukani.

"Lete," alisema.

Akanywa, akakohoa, akampa jirani. Jirani akampa mwenzake. Chupa ikazunguka uani, mkono kwa mkono, ikapita kwa wanaokunywa na wasiokunywa, mpaka ikafika kwa Nzai, naye akaishika kwa muda mrefu kabla ya kuinua.

Chini, kwenye njia itokayo barabarani, pikapu ilikuwa inapanda ikipiga honi mfululizo. Kadzo alikuwa amesimama nyuma, ameshika vyuma, anawapungia mkono watu wafungue njia.

Hakuna aliyesimama.